Klimu ya Gari Kuukuu, kwa Hesabu ya Barabara ya Walikale

Kwenye malisho ya Masisi, mashariki mwa Kongo, pale yanapopanda kupita mita 2,000, asubuhi huvaliwa sweta mwezi wowote wa mwaka. Kwa hiyo mwenye Land Cruiser ya miaka ya tisini anayepiga njia ya Sake, Mushaki na Masisi akiingia garajini Goma na kusema anataka kurudishiwa klimu, fundi huanza kwa kucheka. Klimu ya nini kwenye nchi ya ukungu na jibini? Anacheka kwa sababu mawazo yake yako kwenye baridi. Angewaza maji, angechukua spana.

Klimu ya gari ni mashine ya kukausha hewa ambayo, katika kufanya kazi hiyo, huipoza pia. Watu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaijua kwa upande wa kupoza, na wana haki yao. Milimani upande wa pili ndio wenye faida. Hewa inayosukumwa na feni hupita kwenye evaporeta, ile rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ambayo uso wake huwa juu kidogo ya nyuzi sifuri. Unyevu unatua juu yake, unakusanyika, unatiririka kwenye kimpira na kudondoka chini ya gari. Hewa inayotoka hapo ni kavu. Ukiipitisha kwenye hita kabla haijafika kwenye kioo, unapata hewa kavu yenye joto, na ukungu wa kioo unafutika upesi. Klimu na hita viwashwe pamoja: madereva wengi wakiambiwa hivyo wanadhani unawatania, kana kwamba umewaambia wavae koti na kuoga kwa wakati mmoja.

Sasa pakia abiria kumi walionyeshewa, vioo vimefungwa kwa sababu mvua haijakata. Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa makumi ya gramu za maji kwa saa kupitia pumzi na ngozi, na nguo mbichi zinaongeza juu yake. Kabla hata ya Mushaki kioo cha mbele kimekuwa cheupe. Dereva ana kitambaa mkono mmoja, anafuta duara la ukubwa wa sahani, duara linaziba, anafuta tena, na chini yake kuna udongo unaoteleza, ukingo wa mlima upande mmoja na Fuso iliyojaa maharage inayokuja upande wa pili. Magari mengi ya huku yana usukani wa kulia, yametoka Japani kupitia bandari za pwani, ilhali Kongo huendeshwa upande wa kulia wa barabara. Dereva tayari amekaa upande usioona vizuri anayekuja. Kioo kikiziba, anaendesha kwa kubahatisha.

Ukishaiacha Nyabiondo na kuteremka kuelekea Walikale, mambo yanageuka. Mwinuko unashuka chini ya mita 1,000, malisho yanaisha, msitu unafunga pande zote, na mchana joto linakaribia nyuzi thelathini na hewa inanata mwilini. Hapo baridi yenyewe inapata thamani. Jua likiwaka siku chache mfululizo, nyuma ya lori linaloelekea Mubi au Njingala kunakuwa na vumbi ambalo mtu halivumilii dirisha likiwa wazi, na dirisha likifungwa bila klimu ndani hakukaliki. Gari lile lile katika safari ile ile linahitaji ukavu alfajiri na baridi adhuhuri. Kazi ya kulirudishia klimu ihesabiwe kwa barabara hiyo, siyo kwa mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya jangwa la Ghuba.

Gari ninalolisemea ni HZJ75 au mrithi wake HZJ78, lenye injini ya 1HZ: ya mazutu (dizeli), lita 4.2, silinda sita, bila turbo, nguvu farasi kama 130 likiwa jipya na likiwa usawa wa bahari. Klimu ya magari hayo haikufa siku moja. Gesi ilivuja, ikaongezwa, ikavuja tena. Klachi ya kompresa ikaanza kulia. Njiani fundi akakata mkanda ili gari lifike, na mkanda haukurudi. (Packard ya mwaka 1940, gari la kwanza kuuzwa likiwa na klimu ya kiwandani, haikuwa na klachi: ukitaka kuizima unasimamisha injini na kuvua mkanda kwa mkono. Fundi wa Sake amerudi tu kwenye asili.) Kisha kompresa ikauzwa, mabomba yakaachwa midomo wazi, na mvua za miaka zikaingia humo. Hapo ndipo hasara ya kweli ilipoanza, na hapo ndipo makadirio ya bei yaanzie, sio kwenye bei ya gesi.

Kabla ya kununua chochote, nachungulia vitu viwili ambavyo havihesabiwi kuwa sehemu ya klimu. Cha kwanza ni hita. Katika magari mengi ya umri huu hita ilivuja zamani, na mabomba yake mawili ya maji yameunganishwa kwa kipande cha paipu nyuma ya injini ili maji yasifike tena ndani. Cha pili ni thamostati, ambayo mafundi wa Afrika Mashariki nzima wana mazoea ya kuing'oa wakiamini inachemsha injini. Injini isiyo na thamostati, kwenye baridi ya Masisi, haipati joto lake. Mazutu hayaungui vizuri, na hita hata ikiwa nzima inatoa uvuguvugu. Gari la namna hiyo ukilitilia klimu mpya kabisa litakupa hewa kavu ya baridi asubuhi ya ukungu, abiria watalalamika, dereva ataizima, na kioo kitarudi kuwa cheupe. Fedha imepotea. Thamostati ni kitu cha bei ndogo, irudishwe kwanza.

Baada ya hapo evaporeta itolewe, hata kama inasemekana ni nzima. Kwenye gari la usukani wa kulia iko kushoto, nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Unafungua skrubu, unatoa kisanduku, unavuta boksi la plastiki, na kinachoanguka mapajani mwako ni majani makavu, vumbi lililogandamana na wakati mwingine kiota cha panya. Magari haya hayana chujio la hewa ya ndani, kwa hiyo kila kilichonyonywa miaka thelathini kimesimama hapo. Mapezi ya evaporeta yakiwa yamefunikwa na tope kavu, hewa haipiti, maji hayatiririki, na kile kimpira cha kutolea maji kimeziba. Maji yanabaki ndani ya boksi, na ukizima kompresa yanarudi hewani na kwenye kioo. Nimeona watu wakilaumu gesi kwa kosa la kimpira kisichozidi kidole kwa unene.

Gesi yenyewe ina historia. R12 iligunduliwa kwa matumizi ya majokofu mwishoni mwa miaka ya 1920 na kundi la Thomas Midgley, kwa ajili ya General Motors, na ikatawala klimu za magari hadi mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mkataba wa Montreal wa 1987 ndio ulioiondoa, kwa sababu klorini yake inakula tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zilipewa hadi 2010 kuachana nayo. Toyota na wengine walihamia R134a. Kwa hiyo HZJ75 ya kwanza kwanza iliyofungwa klimu kiwandani ilifungwa ya R12, na anayeirudisha leo analazimika kubadilisha mfumo, si kuujaza tu.

Kubadilisha huko kunasimuliwa garajini kama kazi ya kuweka nipo mpya (mdomo wa kujazia) na kupuliza gesi mpya. Sivyo. Oili ya zamani ya madini haichanganyiki na R134a, kwa hiyo haibebwi na gesi kurudi kwenye kompresa; inajificha kwenye mikunjo ya kandensa, ile rejeta ya klimu iliyo mbele ya gari, huku kompresa ikisaga kavu. Mfumo usafishwe, uwekwe oili ya esta, ambayo inavumilia mabaki ya ile ya zamani kuliko oili ya PAG. Mipira ya zamani inapitisha R134a taratibu, kwa sababu molekuli zake ni ndogo. Itafutwe mipira yenye utando wa ndani. Oringi zote zibadilishwe, na draya iwe mpya bila mjadala. Draya ni chupa yenye punje za kunyonya maji, na punje za zamani hazikutengenezwa kwa gesi hii. Halafu yule muuzaji anayefungua vizibo vya draya dukani ili mteja aone "iko safi" amekwisha kuiharibu: imeanza kunywa unyevu wa hewa pale pale kaunta. Oili mpya nayo ina tabia hiyo hiyo, kopo lifunguliwe saa ya kumimina na si kabla.

Kwa nini maji ndani ya mfumo ni balaa kiasi hicho? Tone likifika kwenye tundu la vali ya ekspansheni linaganda, gesi inasimama, baridi inakatika, kisha barafu inayeyuka na baridi inarudi. Dereva anaita hiyo "klimu yenye mapepo". Ubaya mkubwa zaidi hauonekani: maji yakikutana na oili na joto huzaa asidi, na asidi hiyo inakula aluminiamu na shaba kutoka ndani hadi kompresa inakwama. Ndiyo maana pampu ya vakyumu ni muhimu kuliko mtungi wa gesi, na ndiyo maana inauma kuona kazi ya wiki nzima inafungwa kwa kupuliza gesi juu ya hewa mbichi kwa sababu hapakuwa na pampu.

Hapa milima ina mtego wake. Kijana mmoja wa garaji la Ndosho, Goma, mwenye bidii na geji nzuri, aliniita akiwa amekata tamaa. "Muzee, iko inasimama ku vingt-quatre tu, haiendake mbele." Yaani sindano imekwama kwenye inchi 24. Mwongozo wake, ulioandikwa na watu wa usawa wa bahari, ulimwagiza asubiri sindano ifike inchi 29 za zebaki. Angesubiri hadi pampu ife. Geji haipimi utupu wenyewe, inapima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje, na hewa ya Goma, karibu mita 1,500 juu ya bahari, ina mgandamizo wa kama milibaa 845 badala ya 1,013. Kwa inchi ni kama 25. Hata ungetoa kila chembe ya hewa ndani ya mabomba, sindano haiwezi kupita hapo.

Hesabu inayotakiwa ni ya maji. Kwenye nyuzi 20 maji huchemka mgandamizo ukishuka hadi milibaa 23. Chini ya hapo yanageuka mvuke na pampu inayavuta nje. Pwani hiyo ni inchi 29 na kidogo kwenye geji. Goma ni 24 na kidogo. Yule kijana alikuwa amekwisha kufika, hakujua tu. Kinyume chake ni hatari zaidi: fundi aliyejifunzia Goma akishuka Mombasa na kuridhika na inchi 24 ameacha maji yote ndani. Na Masisi asubuhi, chuma kikiwa na nyuzi 12, maji hayachemki hadi milibaa 14, jambo ambalo pampu iliyochoka hailifikii. Dawa ni rahisi: washa injini kwanza ipate moto, elekeza hita ndani ya kebini, ndipo uanze kuvuta. Kisha iache pampu ivute kwa saa nzima badala ya zile dakika kumi za haraka, funga koki, na utazame sindano. Ikirudi nyuma, kuna tundu au kuna maji. Ikirudi kidogo na kusimama, mara nyingi ni maji.

Kujaza kufanywe kwa mizani. R134a huingia kwa asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12 uliokuwa ukitumika. Kibandiko chini ya boneti kikisema gramu 900, anza na 720 na usipite 800 bila sababu. Kujaza hadi viputo viishe kwenye kidirisha cha draya, kama ilivyokuwa kwa R12, kunazidisha gesi na kupandisha mgandamizo.

Maneno mengi huandikwa kuhusu kandensa, na mengi yametoka kwa watu wa magari ya spoti. Wana sababu. Porsche 911 za zamani zilikuwa na injini nyuma, kandensa moja juu ya injini hiyo hiyo yenye moto, nyingine mbele, na mipira mirefu inayopita urefu wa gari. Ukiingiza R134a humo bila kuongeza kandensa unapata hewa ya kukatisha tamaa. Gari la spoti pia lilinunuliwa kwa wepesi wake, kwa hiyo kila kilo ya kompresa inabishaniwa, na ya mashindano huvuliwa kila kitu. Datsun 240Z zilizoshinda mbio za magari za Safari mwaka 1971 na 1973 zilipita kwenye vumbi na tope ambavyo dereva wa Walikale angevitambua mara moja, lakini walioziendesha walikuwa wawili tu garini na hawakuwa na abiria wa kulalamika.

Tatizo la R134a kwenye kandensa ya zamani huonekana hewa ya nje ikifika nyuzi 40 na zaidi. Mwenye Land Cruiser kama hii Muscat hana hiari, atafute kandensa ya kisasa yenye mapezi membamba yaliyosongamana. Masisi na Walikale hazifiki huko. Mimi nabakiza ile ya zamani ya bomba nene na mapezi mapana kama haijatoboka, kwa sababu mapezi membamba hushika potopoto kwa safari moja na kuosha kwake kwa maji ya nguvu huyalaza. Pesa iliyobaki iende kwenye feni. Gari linakwenda mwendo wa mtu anayekimbia, hakuna upepo wa mbele, na klachi ya feni ya injini imevuja silikoni yake zamani. Irekebishwe, na feni moja ya umeme iwekwe mbele ya kandensa, ikiwa na swichi yake. Swichi hiyo izimwe kabla ya kuingia kwenye dimbwi refu: feni inayozunguka ikipiga maji, mabawa huvunjika na yanaweza kukata kandensa, na hapo hutazungumza tena habari ya klimu.

Nguvu ya injini ndiyo hoja wanayoitoa wapinzani, na si ya kupuuzwa. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Juu ya Masisi farasi 130 wamebaki kama 105, na kompresa inachukua wanne hadi wanane kati yao. Kwenye lami ungelihisi. Ila kwenye potopoto, gia ya kwanza ya chini, kinachokuzuia kusonga ni mshiko wa tairi, na farasi sita wa kompresa hawabadilishi mshiko. Wanaoona tofauti ni wale wenye rejeta iliyoziba, ambao wangechemsha hata bila klimu.

Hofu yangu kubwa iko kwenye mtungi. Mwaka 2011 watu watatu waliuawa na milipuko ya makontena ya friji ambayo yalikuwa yamefanyiwa huduma Vietnam. Ndani yake kuligunduliwa gesi bandia yenye kloromethani, ambayo ikikutana na aluminiamu huzaa kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Mitungi ya namna hiyo haina kabila, inauzwa popote penye bei ya chini. Kipimo cha maskini ni geji: mtungi wa R134a uliolala usiku kucha kwenye nyuzi 20 usome karibu baa 4.9 Goma, au 4.7 pwani. Kufaulu hakuthibitishi usafi, lakini uliofeli usiingie garini. Na wale wanaojaza gesi ya kupikia, kwa kuwa inapoza kweli na inapatikana mtaani: evaporeta iko ndani ya kebini, mbele ya magoti ya abiria. Ikivuja kuna watu kumi, vioo vimefungwa, na pengine mmoja ana sigara.

R134a yenyewe haitakuwa rahisi milele. Marekebisho ya Kigali, yaliyopitishwa Oktoba 2016 katika mji ulio saa chache kwa basi kutoka Goma, yanaibana kwa sababu ya joto la dunia: nchi nyingi zinazoendelea zilitakiwa kusimamisha ongezeko lake mwaka 2024, na hadi 2045 ziwe zimepunguza asilimia 80. Gari hili huenda likafa kabla. Bei ya gesi haitasubiri.

Kisha kuna vizuizi. Watafiti wa IPIS ya Antwerp, katika ripoti yao ya 2017, walihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu mbili, ya Kaskazini na ya Kusini, na vita vya 2025, vilivyoichukua Goma Januari na kufika Walikale Machi, havikuvipunguza uzito. Kila kizuizi ni kioo kilichoteremshwa, mikono juu ya usukani, maneno, na kebini iliyokaushwa inarudi kuwa mbichi. Kwa hiyo kinachofaa ni mfumo unaokausha upesi: blowa yenye nguvu, evaporeta safi, mpira wa milango usiovuja. Kompresa kubwa haisaidii hapo. Ile ya Denso 10P15 au jamaa yake iliyotumika, yenye sili mpya, kutoka maduka ya Kisekka Kampala, inatosha, na inawashwa dakika kumi kila wiki hata pasipo haja ili sili ya shafti isikauke.

Kwa gari la mizigo tu, lenye dereva na msaidizi, sirudishi klimu. Narudisha thamostati, hita na blowa, naishia hapo. Watu wawili hawazibi kioo kiasi hicho. Kwa gari la abiria narudisha yote. Kwa gari la wagonjwa la kituo cha afya upande wa Walikale nakwenda mbali zaidi, kwa sababu mgonjwa amelazwa nyuma ambako hewa ya dashibodi haifiki: evaporeta ya pili nyuma, gesi zaidi kwa uzito uliopimwa, na mabomba yake yafungwe juu ya chasisi, upande wa ndani, mbali na ekzosi na mbali na mawe yanayorushwa na tairi.